Kwa nini chai nyeupe haina weupe kikombeni?

Ingia hoteli yoyote karibu na soko la Kibuye, Kisumu, uagize chai nyeupe. Utaletewa chai iliyopikwa na maziwa, pengine na chapati kando. Mhudumu hajakosea: kwetu chai ni ya maziwa au ni strungi, basi. Lakini ile inayouzwa ghali kwa jina hilo haina hata tone la maziwa, na ukiimimina ni ya manjano hafifu, kama nyasi kavu.

Weupe wake uko shambani. Panda hadi Nandi Hills, ushike tumba la mchai, ile ncha changa ambayo bado haijafunguka kuwa jani. Limefunikwa na vinywele vyeupe, laini kama malaika ya mkononi, navyo hubaki hata tumba likikauka. Huko Fujian, China, chai ya matumba matupu huitwa Baihao Yinzhen: vinywele vyeupe, sindano za fedha.

Mmea ni uleule wa strungi yetu, Camellia sinensis. Majani ya chai nyeusi hunyaushwa, kisha mashine huyakata na kuyaponda. Utomvu ukikutana na hewa, vimeng'enya huyageuza kahawia, kama kiazi ulichokimenya ukakisahau kwenye sinia. Chai nyeupe haipondwi. Hunyaushwa polepole, ikakaushwa. Utadhani ni kazi rahisi, ila mchumaji aliyezoea majani mawili na tumba sasa anachuma tumba peke yake, na kikapu hakijai. Bei inaanzia hapo.

Wengi huinywa kwa ulaini wake usio na ukakasi, na dondoo zake hutiwa kwenye mafuta ya kupaka. Anayekuuzia kama dawa ya saratani, mpite. Anayesema haina kafeini naye mpite, kwani matumba machanga huwa nayo ya kutosha. Tena, kama chai nyingine, ukiinywa pamoja na mlo inazuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye mboga kama osuga. Mwenye upungufu wa damu asubiri saa moja hivi baada ya kula.

Usiipike sufuriani. Chemsha maji, yaache yapoe kidogo hadi nyuzi 80 hivi, yamimine juu ya matumba, ungoje dakika 3 hadi 5. Matumba yaleyale yatie maji mara ya pili, hata ya tatu.