Kusaka E. coli kwa rangi ing'aayo kwenye maji ya Ghuba ya Mwanza

Ukitaka kusaka E. coli, bakteria wa kinyesi, kwa rangi ing'aayo kwenye maji ya Ghuba ya Mwanza, kikwazo cha kwanza ni maji yenyewe, maana nayo yanang'aa. Mwani wa kijani-bluu, ukitanda kuanzia mwalo wa Kirumba, hutoa mwanga mwekundu wa nanomita 650 hadi 685 hivi. Mabaki ya majani yaliyooza, yanayoshuka na Mto Mirongo, hung'aa bluu ukiyamulika kwa taa ya urujuanimno. Kwa hiyo nyekundu na bluu zote siziamini hapa. Natumia rangi iitwayo floresini: unaimulika kwa nanomita 490, inatoa kijani cha 520.

Chuja mililita 100 kwa utando wa mikromita 0.45, kisha tikisa utando huo ndani ya mililita 5 za maji ya chumvi ya fosfeti, pH 7.4. pH ikishuka chini ya 7, floresini hufifia. Tia chembe za sumaku za oksidi ya chuma zilizovishwa kingamwili ya E. coli (protini inayoitambua na kuishika), zungusha polepole dakika 30, halafu bana sumaku ubavuni mwa kichupa. Utaona doa la kahawia likijijenga ukutani. Vuta maji kwa pipeti bila kuligusa. Suuza mara tatu. Mwani haukushikwa na kingamwili, unaondoka na maji. Sasa tia kingamwili ya pili yenye floresini, dakika 30 gizani, suuza tena, kisha pima kijani.

Wengi hukimbilia chembe ndogo kabisa. Chembe moja moja za nanomita 20 hazivutwi upesi na sumaku ya kawaida. Zinabaki zikielea, unazimwaga pamoja na bakteria uliowatafuta. Za nanomita 100 na zaidi zinakusanyika vizuri. Usizijaze pia: oksidi ya chuma hunyonya mwanga, kijani kinafifia hata bakteria wakiwepo.

Kila mara pima sambamba maji yaleyale kwa chembe zilizovishwa kingamwili isiyoitambua E. coli. Zikitoa kijani, hukusuuza vya kutosha.

Na tumia mililita zote 5. Shirika la Afya Duniani linataka E. coli isionekane kabisa kwenye mililita 100 za maji ya kunywa. Ukichukua mililita 1 kati ya hizo 5, umepima mililita 20 tu za ziwa.

Maji ya bomba yana shida nyingine: kingamwili hushika hata bakteria waliokwisha kuuawa na klorini. Tia thiosulfati ya sodiamu kwenye chupa kabla ya kukinga maji, ili klorini isiendelee kuua njiani. Ukishachuja, otesha utando kwenye mchuzi wa lishe, nyuzi 37, saa 4 hadi 6, ukipima mwanzoni na mwishoni. Wafu hawaongezeki, kijani kikipanda, hao ni hai.