AS na AS wakipendana, polisi waitwe?

Juzi mzee mmoja kaja maabara na binti yake, kwanjula (sherehe ya utambulisho wa mchumba) imebaki wiki mbili, ng'ombe wameshahesabiwa, majibu ya siko seli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, yametoka, binti ni AS na mchumba naye AS. Mzee akaniuliza, "Musawo (daktari), mbona serikali haiweki sheria watu wa siko seli wasioane?"

Kwanza mzee, hawa wawili hawaumwi. Wamebeba tu, jeni moja nzima, A, na moja ya siko seli, S. Kwenye kipimo cha umeme damu yao inatoa mistari miwili, wa A na wa S, mgonjwa wa SS, aliyerithi S toka kwa wazazi wote wawili, anatoa wa S peke yake. Wakizaa, kila mimba ina robo ya kupata SS, na hapa ndipo watu wanajichanganya, wanadhani mtoto wa kwanza akiumwa basi watatu wanaofuata wamepona, hapana, kila mimba bahati nasibu inachezwa upya, na nimeshapima nyumba ya watoto watatu wote SS.

Sasa hiyo sheria itamkamata nani? Ule uchunguzi wa 2014 na 2015, sampuli karibu laki moja za watoto wachanga Uganda nzima, ulikuta kama 13 katika kila 100 ni AS. S imejaa kwetu kwa sababu inamkinga mtoto na malaria kali, siyo laana ya ukoo wa mtu.

Halafu angalia watunga sheria wanaogopa nini. Marekani majimbo mengi yanakataza mabinamu kuoana, Arizona inaruhusu wakishafika miaka 65 (harusi ya wazee, sawa). Lakini mtoto wa mabinamu hatari yake ya kuzaliwa na kasoro inapanda toka kama 3 hadi kama 6 kwa 100. AS wawili wasio na undugu wowote ni 25! Nimeshapima mabinamu wote AA, hawana S kabisa, nikawaambia kwa siko seli nendeni kwa amani.

Na jeni haisomi cheti cha ndoa bwana, ukikataza harusi watazaa bila harusi, tena hawatakuja kupima.

Cyprus kanisa tangu 1983 linadai cheti cha kipimo cha thalasemia (nao ugonjwa wa damu wa kurithi) kabla ya kufungisha ndoa, ila halikatazi mtu, na watoto wagonjwa walipungua sana, hasa kwa vile wazazi walipata na kipimo cha kujua kama mtoto aliye tumboni ana ugonjwa. Kwetu hicho kipimo wangapi wanakimudu?

Mzee akanyamaza. Binti ndiye aliyeuliza, "Hiki kipimo cha damu mngetupima tukiwa S.2 (kidato cha pili), ingekuwaje?"