Grace Darling hakujitosa majini, na wewe usijitose

Mvua zikianza hapa Dodoma malambo yanajaa na simu zinaanza kuingia kwetu zimamoto na uokoaji, mtoto kazama, kijana kamfuata kumwokoa na yeye kazama. Msibani watu wanasema marehemu alikuwa jasiri. Sawa, hatubishi, ila tunazika wawili.

Ndo maana mashuleni tunapenda kuwasimulia habari ya Grace Darling, binti wa miaka 22, baba yake alikuwa mlinzi wa mnara wa taa wa Longstone, visiwa vya Farne kule Uingereza. Tarehe 7 Septemba 1838 alfajiri meli ya Forfarshire, iliyotoka Hull ikienda Dundee, iligonga mwamba ikakatika vipande viwili. Grace ndo aliiona kwa dirishani, baadae kulivyopambazuka wakaona kuna watu bado hai juu ya mwamba.

Sasa hapa watu wanakosea, wanadhani alipiga mbizi. Hapana jamani! Yeye na baba yake walichukua boti ya makasia wakazunguka upande ambao visiwa vinakinga upepo, karibu kilomita moja na nusu, ni mbali zaidi ila mawimbi yana nafuu. Kufika, mzee akarukia mwambani, Grace akabaki peke yake anapiga makasia kuizuia boti isipasuke kwenye mawe, na hiyo kwangu ndo kazi ngumu kuliko zote siku ile. Waliokutwa hai pale ni tisa, hawakubebwa wote kwa mkupuo. Kwanza mama mmoja aliyekuwa amefiwa na wanae wawili palepale, pamoja na wanaume wanne, halafu mzee akarudi kwa wanne waliobaki akiwa na baadhi ya mabaharia waliookolewa, Grace yeye akabaki mnarani anawahudumia wengine. Kwa hiyo hata kwenye mawimbi yale walihesabu nafasi.

Na meli yenyewe boila zilianza kuvuja safarini, nahodha akaendelea tu. Sisi tulipoteza zaidi ya watu 220 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka Ukara, Ziwa Victoria, mwaka 2018, na uwezo wake ulikuwa watu 101. Wenye mitumbwi ya Mtera msituambie bwawa sio bahari, maji ni maji. Chombo kinakaguliwa na TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, kikifaa kinapewa cheti, cheti kina muda wake, ukiisha unaomba upya, sio unafuta tarehe kwa kalamu, na ukikutwa huna unazuiwa kusafiri na unaweza kufikishwa mahakamani. Abiria nae avae jaketi la kuokolea, sio alikalie.

Mtu akizama mrushie kamba, fito ndefu au dumu tupu la lita 20 lililofungwa mfuniko, wewe ubaki nchi kavu. Piga 114, namba yetu ya zimamoto na uokoaji, ni bure. Taja kijiji, kata, jina la lambo, wangapi wamezama na saa ngapi, usikate mpaka uambiwe, kisha mtu mmoja asimame barabarani atuelekeze. Simu za utani ni kosa kisheria, na hao wanaosemaga zimamoto wanakuja bila maji, jamani kwenye lambo tunakuja na maji ya nini? Tunakuja na wazamiaji na kamba, nyie tuachieni njia na msirudi kujaribu kuzamia wenyewe wakati tuko njiani.