Mtaa ukifungwa kwa sherehe, saa ya kuufungua ijulikane mapema

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzia Mtaa wa Lumumba. Oktoba 25, 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kilifunguliwa ndani ya jengo la TANU kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na kitivo chake kilikuwa kimoja tu, cha sheria. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Oktoba 25, 2026, siku itakayoangukia Jumapili, kinatimiza miaka 65.

Mimi ni mhandisi wa barabara, na natamani sana kumbukumbu kama hiyo irudi mtaani ilikoanzia, wakazi wa Kariakoo na Mnazi Mmoja waishuhudie, isiishie ukumbini kwa wenye kadi za mwaliko. Lakini mtaa wa katikati ya jiji haufungwi kwa kamba na mawe mawili.

Kufunga mtaa si jambo geni kwetu. Pakiwa na msiba au harusi, turubai linasimama, viti vya plastiki vinapangwa, matawi ya mti yanawekwa kwenye kona, na dereva akiyaona anageuza bila kuuliza. Kwa uchochoro ambao watu wake wanajuana, yanatosha. Kariakoo ni habari nyingine. Pale anayeumia ni yule asiyejua kabisa kwamba kuna sherehe: mjamzito anayewahishwa hospitali, mchukuzi mwenye mkokoteni uliojaa, mama lishe ambaye wateja wake wamezuiwa upande wa pili.

Anza na hesabu ya nafasi. Mtaa wenye upana wa mita 10 na urefu wa mita 300 una mita za mraba 3,000. Kabla hujafikiria jukwaa, toa upana wa mita 4 kutoka mwanzo hadi mwisho, uwe njia ya zimamoto na gari la wagonjwa. Zinabaki mita za mraba 1,800. Ukiweka watu wawili kwa kila mita ya mraba, wakicheza na kupishana vizuri, unapata watu 3,600. Wakifika watano kwa mita moja ya mraba, mtu hajiamulii tena anakokwenda, anabebwa na msukumo. Jukwaa basi lisizibe mdomo wa mtaa, maana huko ndiko watu watakakokimbilia.

Ile njia ya mita 4 naisisitiza kwa sababu niliwahi kuona gari la wagonjwa likirudi kinyumenyume kwa ajili ya kamba moja ya turubai iliyovutwa hadi kwenye mti wa ng'ambo. Aliyeifunga alikuwa amekwenda kula. Fundo limekaza, kisu kinatafutwa, king'ora kinalia. Tangu siku hiyo, kila mpango unaoletwa mezani kwangu nauliza kizuizi hiki anakisogeza nani, na namba yake ya simu anayo nani.

Taarifa ya maandishi ya mkusanyiko au maandamano hupelekwa polisi angalau saa 48 kabla. Kwa kufunga barabara, saa hizo ni chache mno, mimi nashauri wiki kadhaa. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, mitaa ya mjini iko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na Zimamoto, wanaopatikana kwa namba 114, wapewe ramani mapema.

Kibao cha mchepuko kisiwekwe kwenye kizuizi chenyewe. Gari lililo kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa linakula karibu mita 14 kila sekunde, na dereva akikiona kibao pale tayari ameshaingia kwenye foleni. Kiwekwe kwenye makutano yaliyotangulia, anapoweza bado kukata kona. Makondakta wa daladala waambiwe kituo kimehamia wapi siku moja kabla, kwa sababu abiria watawauliza wao kwanza.

Kuna jambo moja ambalo waandaaji hulisahau karibu kila mara. Wanatangaza saa ya kufunga, ya kufungua wanaacha. Mwenye duka anaweza kuvumilia muda wa saa sita akijua ni sita. Kwa hiyo, kama tangazo linasema mtaa utafunguliwa saa 10 jioni, muziki uzimwe saa 8, wafagiaji waingie, jukwaa libomolewe, misumari ya turubai ing'olewe na mashimo yake yafukiwe, na saa 10 ikigonga koni ya mwisho iwe imeshapanda kwenye gari.