Ati maskini wa Goma ni mvivu?

Msemo huu umezeeka mjini kwetu, mashariki mwa Kongo (DRC). Simama basi alfajiri kwenye barabara ya Kibumba uone kijana anavyoteremka na chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, iliyojaa kabichi, goti likiwa juu ya kipande cha ndala kilichopigiliwa kwenye ubao. Pengine hata chukudu si yake, na sehemu ya mapato humwendea mwenye chukudu. Mwenzake wa rika lile lile, aliyerithi nyumba ya kupangisha, hupokea kodi akiwa bado kitandani.

Bidii ina kazi yake, sikatai. Lakini mahali pa kuanzia hatukupachagua. Shule za msingi za serikali zilifanywa bure mwaka 2019. Kabla ya hapo wazazi ndio waliochangia mishahara ya walimu, na asiye na kitu alimrudisha mtoto nyumbani. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 nayo ilimeza nyumba za matajiri na maskini, ila mwenye akiba au ndugu mwenye uwezo alijenga upya mapema.

Hata Marekani, wakati uliozaliwa una uzito: waliozaliwa 1940 karibu asilimia 90 waliwapita wazazi wao kipato. Waliozaliwa 1980, takriban nusu tu.