Je, wajua kwa nini bata hulala jicho moja wazi?

Ukiwa Makorora au Pongwe, hapa Tanga, ingia uani kwa mfuga bata mnamo saa nne usiku, umulike kwa tochi. Utawakuta wamebanana chini, na yule wa pembeni anakutazama kwa jicho moja. La pili limefumba. Wala hujamwamsha, alikuwa amelala hivyohivyo.

Ubongo wa bata unaweza kulala nusunusu: upande mmoja unapumzika, mwingine unakesha. Mwaka 1999 watafiti wa Indiana, Marekani, waliwalaza bata kwa safu. Wa pembeni walilala jicho moja wazi mara nyingi kuliko wa katikati, na jicho hilo lilielekea nje, kule kusikokuwa na mwenzao. Kwa hiyo bata wa peke yake ni mlinzi wa zamu ya usiku kucha. Fuga wawili au zaidi.

Analinda kwa kuwa analala chini. Kuku akichutama, kano za miguu huvuta vidole vikakamata kijiti vyenyewe, hadondoki. Mguu wa bata ni bapa, una utando, haukamati kitu. Kweli yupo yule bata mwenye nyama nyekundu usoni, aitwaye Muscovy, dume lake halilii bali linafoka pumzi tu. Asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini, ana kucha, na mwituni hulala mitini. Lakini dume la uani likishafika kilo 5, kichanja linakiangalia tu.

Basi banda la bata ni sakafu na hewa. Hapo ndipo wengi tunapokosea, tunamjengea kama kuku, tena tunaziba mabati pande zote eti asipate baridi. Baridi gani Tanga? Bata hatoki jasho, anapoa kwa kuhema, na kinyesi chake ni majimaji. Ukimfungia penye joto na kinyesi cha jana, harufu kali inamchoma macho na mapafu. Acha nafasi pana juu ya ukuta, chini ya paa, pande mbili zinazotazamana, ili kaskazi na kusi zipite juu ya vichwa vyao. Paa la makuti ni zuri kuliko bati, mradi upenu uwe mrefu masika isirushe maji ndani.

Chini mwaga maranda au pumba za mpunga kwa wingi, uongeze makavu kila jioni. Kipimo changu ni kuinama hadi kimo cha kichwa cha bata na kuvuta pumzi. Pua ikiwasha, zoa yote. Vijana husema “kula bata” wakimaanisha starehe; bata aliyelazwa kwenye tope hajawahi kuisikia. Na usimlaze chini ya kichanja cha kuku, utajua mwenyewe kwa nini.

Sasa adui. Kicheche, fungo, kanu, paka shume, wote ni wa usiku. Jirani yangu alizungushia wavu wa kuku, ule mwembamba wa matundu makubwa, akalala kwa amani. Asubuhi wavu umechanwa, bata wawili hawapo. Wavu ule unamzuia bata kutoka, haumzuii mnyama kuingia. Tumia wavu mgumu wa kuchomelea wenye matundu madogo, uufukie chini kama futi moja, maana wengine huchimba. Mlango uwe na komeo. Kamba ya katani haitoshi. Siafu wakionekana karibu, hamisha bata usiku huohuo.

Kuku jua likizama anarudi mwenyewe. Bata hana habari na magharibi, anaweza kuendelea kusaka konokono gizani. Waswage taratibu kwa fimbo ndefu, na mlango uwe mpana kwa sababu hupita kwa kusukumana. Ukilazimika kumbeba, mkumbatie mwili na mabawa. Kumning'iniza kwa miguu kama kuku wa sokoni kunamvunja.

Ndani usiweke chakula bila maji, atakabwa. Ameshashiba mchana, anaweza kungoja.

Asubuhi usiwe na haraka ya kufungua. Bata wengi hutaga alfajiri, na ukiwatoa mapema mayai utayatafuta vichakani ukishindana na kenge. Ngoja saa mbili, saa tatu hivi, kisha nenda na kikapu.