Bronzi Si Gundi, na Chuma Hakitakiwi Kuyeyuka

Nimeulizwa tena: "Fundi, hiyo bronzi si gundi tu? Kwa nini usiyeyushe chuma chenyewe kikaungana?" Safari hii swali limetoka kwa mtu anayeshika tochi ya gesi ya kuchomelea kila siku, basi nivumilieni nikipandisha sauti.

Ukiunga vipande vya chuma kwa bronzi, kinachoyeyuka ni kijiti cha bronzi; chuma hakiyeyuki. Kijiti cha kawaida ni shaba karibu asilimia 60 na zinki karibu 40, nacho huyeyuka kwenye nyuzi 870 hadi 900 za Selsiasi hivi. Chuma laini kinataka zaidi ya 1,400. Sasa wewe unayesubiri chuma kiyeyuke ndipo "kishike", umeshaiunguza bronzi muda mrefu. Zinki peke yake huchemka kwenye nyuzi 907. Ule moshi mweupe unaousifu kwamba moto umekolea ni zinki inayohama kutoka kwenye kiungo kwenda mapafuni mwako. Usiku utatetemeka kwa homa, na asubuhi utakuta kiungo kimejaa vitundu.

Kinachoshika ni bronzi iliyoyeyuka kutambaa na kulowesha uso safi wa chuma kilichopata moto wa kutosha, zikapenyana kidogo pale mpakani. Ikilowesha vizuri kwenye chuma laini, kiungo huweza kuhimili kuvutwa sawa na chuma chenyewe. Gundi gani hiyo?

Usafi sitaurefusha. Ondoa kutu, rangi na grisi mpaka chuma king'ae, kisha weka poda ya boraksi, inayoisaidia bronzi kulowesha.

Joto ndilo linalowashinda watu. Wengi wanachoma kijiti badala ya chuma. Kijiti kinadondoka, matone yanajiviringa kama maji juu ya jani la myugwa, halafu lawama zinaenda kwa poda. Choma chuma, kisha gusisha kijiti. Chuma ndicho kikiyeyushe. Vitabu vinasema subiri wekundu hafifu. Sawa, lakini wekundu hafifu wa kivulini hauonekani kabisa juani, na hilo vitabu havisemi. Mimi nafanya kazi kivulini na bado siamini rangi peke yake. Naitazama boraksi: ikishatulia, ikawa kama kioo na kutiririka kama maji, joto linakaribia. Nikigusisha kijiti, bronzi inatakiwa itambae yenyewe na kuacha utando mwembamba wa njano. Utando huo ukishapita kote ndipo najaza. Ukijaza kabla yake, unapamba tu.

Na mapambo yanadanganya. Mshono wenye mawimbi mazuri unaweza kuwa haujashika popote, na kwa macho huwezi kujua. Chukua vipande vya majaribio, unga, vunja. Bronzi ikibanduka na kuacha chuma kitupu cha kijivu, haikulowesha.

Kasti, yaani chuma cha kusubu, ni habari nyingine. Ina grafiti (kaboni laini inayoteleza) ndani, na grainda huipakaza grafiti hiyo juu ya uso wote. Unaona pamesafika kumbe umepaka mafuta ya kuteleza. Malizia kwa tupa, au pitisha moto wenye oksijeni iliyozidi kidogo uiunguze grafiti, kisha piga brashi ya waya. Pasha kipande kizima kabla ya kuanza, na ukimaliza kifukie kwenye majivu makavu kipoe polepole, la sivyo kitapasuka pembeni ya kiungo. Kasti ya injini kuukuu, iliyonyonya oili miaka mingi, inanitesa mpaka leo. Nyufa mbili kwenye bloku moja, maandalizi yaleyale, mmoja unapokea na wa pili unakataa. Hizo sitoi ahadi.

Bronzi pia haifai kila mahali. Manifoldi ya moshi, ile inayopokea moshi wa moto kutoka kwenye injini, usiiguse: ikipita nyuzi 250 hivi, nguvu ya kiungo inashuka vibaya.

Na tafadhali, wale wa "nitapitisha elektrodi ya kuchomelea kwa umeme kidogo juu yake iongeze nguvu": shaba iliyoyeyuka huingia katikati ya chembe za chuma na kukipasua. Ukiamua kuhamia umeme, kata eneo lote lenye njano, ndani na nje, kabla ya kuwasha mashine. Ukiletewa kipande kilichopakwa rangi, kwaruza kwanza uone kama kuna fundi aliyekutangulia na bronzi.